Bánh da lợn: keki ya matabaka ya Vietnam, hatua kwa hatua

Jina lake maana yake ni "ngozi ya nguruwe", lakini ndani hamna nyama wala mafuta ya mnyama yeyote. Ni wanga wa muhogo, unga wa mchele, tui la nazi, choroko na sukari. Inaitwa hivyo kwa sababu matabaka yake hulaliana kama ngozi na mafuta. Ni kitamu cha Vietnam kusini, na ingawa huko kusini nguruwe anaitwa heo, jina la keki limebaki na lợn, neno la kaskazini.

Ikitoka sawa, keki hunesa ukiibonyeza, na kila tabaka unaweza kulibandua kwa vidole bila kuchanika. Vipimo hivi ni vya bati la duara la sm 20, kina sm 5: matabaka 7, manne ya kijani na matatu ya njano.

Kwanza, wanga

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kabla hata moto haujawashwa. Kinachotakiwa ni wanga wa muhogo, si unga wa muhogo wa ugali. Unga wa ugali una nyuzi za muhogo wote. Ukiutumia utapata keki nzito, yenye rangi ya udongo, isiyovutika. Wanga ni mweupe pe, laini kama poda, na ukiuminya mkononi hulia kidogo.

Ukiukosa dukani, utengeneze. Menya muhogo mtamu (usitumie ule mchungu), ukune, uchanganye na maji mengi, kisha ukamue kwa kitambaa. Acha maji yale yatulie saa 3 au 4, yamwage polepole, na wanga ulioganda chini uanike hadi ukauke kabisa.

Unga wa mchele unatiwa kidogo tu, ili keki ikatike vizuri. Ukiuzidisha, mnato unapotea.

Hatua ya 1: rojo la njano

Loweka gramu 100 za choroko zilizokobolewa (zile za njano, zisizo na maganda) kwa saa 4. Zipike kwa mvuke dakika 25 hadi ziseteke kati ya vidole viwili. Zisage kwenye blenda pamoja na ml 200 za tui zito na ml 50 za maji, kisha uziache zipoe. Usitie wanga kwenye choroko za moto. Utaiva palepale na kufanya madonge.

Zikishapoa, tia wanga gramu 80, unga wa mchele gramu 15, sukari gramu 90 na chumvi kidogo. Koroga, chuja.

Hatua ya 2: rojo la kijani

Pandani ni ndugu wa mkadi, ila huyu hunukia majani badala ya maua. Majani ya mkadi hayawezi kushika nafasi yake. Katakata majani 12 ya pandani, yasage na ml 260 za maji, uyakamue upate ml 240 za maji ya kijani.

Changanya wanga gramu 200, unga wa mchele gramu 40, sukari gramu 150 na chumvi kidogo. Mimina ml 280 za tui na yale maji ya pandani, koroga hadi sukari iyeyuke, chuja. Rojo litakuwa jepesi kama maziwa. Usiongeze unga.

Hatua ya 3: mvuke

Chemsha maji mengi kwenye sufuria ya mvuke. Funga mfuniko kwa kitambaa kikavu, maana matone yakidondoka yanaacha mashimo juu ya keki. Paka bati mafuta, liweke ndani lipate moto dakika 3, na uhakikishe limekaa sawa. Likiinama, matabaka yote yatakuwa mazito upande mmoja.

Hatua ya 4: kumimina

Koroga rojo kutoka chini kabla ya kila mmimino. Wanga hutuama ndani ya dakika chache. Usipokoroga, matabaka ya mwanzo yatakuwa maji na la mwisho gumu kama mpira.

Pima ml 190 za kijani, mimina, funika, pika dakika 5. Funua utazame: rojo bichi lina ukungu kama maziwa, lililoiva linang'aa na kupenyeza mwanga. Katikati huiva mwisho. Ukiona doa lenye ukungu, funika tena dakika moja. Kisha ml 190 za njano, dakika 6. Hili halipenyezi mwanga, kwa hiyo liguse: likikushika kidoleni bado. Endelea kwa zamu, ukiongeza dakika moja kila baada ya matabaka mawili, maana joto lina safari ndefu zaidi. Tabaka la 7, la kijani, lipe dakika 15.

Mimina juu ya mgongo wa kijiko ili rojo lishuke taratibu. Ukimwaga kwa nguvu juu ya tabaka changa, unalitoboa na rangi zinachanganyika.

Matabaka yakiachana wakati wa kukata, sababu huwa mbili: tabaka la chini lilipikwa mno likakauka, au lilikuwa na maji juu. Ukiona unyevu, gusisha kitambaa safi upesi, kisha mimina papo hapo. Na maji ya sufuria yakipungua, ongeza ya moto. Ya baridi yatakata mvuke katikati ya kazi.

Hatua ya 5: kupoza na kukata

Iache ipoe saa 6 nzima. Ikiwa na joto haikatiki, inaburutika. Paka kisu mafuta, bonyeza moja kwa moja hadi chini bila kukereza, na ufute kisu kila mkato.

Ifunike ikae nje, iliwe siku hiyohiyo, maana tui huchacha upesi. Ukiiweka kwenye friji wanga hukakamaa. Irudishe kwenye mvuke dakika 5 na uiache ipoe tena kabla ya kuila.