Mwanao Anajidhuru: Ulizia Kazi ya Jeraha Kabla ya Kulikemea

Mzazi anayegundua kwa mara ya kwanza kwamba mtoto wake anajikata huwa na maneno mawili mdomoni: "Umekosa nini hapa nyumbani?" na "Acha mara moja." Yanaeleweka, lakini yote mawili hufunga mlango. Kwa kijana wa umri wa barehe, kujidhuru mara nyingi ni dawa aliyojitafutia mwenyewe. Ni dawa mbaya, ila kuna kazi inamfanyia, na ukimnyang'anya kabla hujaijua kazi hiyo, ataificha vizuri zaidi au atatafuta nyingine iliyo mbaya kuliko hiyo.

Kazi inayotajwa sana na vijana wenyewe ni kushusha presha ya hisia. Hisia zinapanda: hasira, aibu, woga, huzuni, vyote kwa pamoja. Anajiumiza, na ndani ya dakika chache kifua kinalegea. Ubongo unakumbuka kilicholeta nafuu. Kisha inakuja aibu ya alichokifanya, aibu inazaa presha mpya, na mzunguko unaanza upya. Ndiyo maana mtoto anaweza kukuahidi kwa machozi ya kweli kwamba hatarudia, na wiki haijaisha amerudia. Hakukudanganya alipoahidi, presha ilirudi naye hana njia nyingine ya kuishusha.

Wengine tatizo lao ni kinyume chake: wamekufa ganzi. Hawalii wala hawacheki, wanajiona kama wako nyuma ya kioo, na maumivu ndiyo yanayowahakikishia kwamba bado wapo. Hali hii huonekana kwa baadhi ya watoto waliofanyiwa ukatili, hasa wa kingono, na kwa wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Kuna wanaojiadhibu. Hapa tuseme wazi: mtoto aliyekuzwa akijua kwamba kila kosa hulipwa kwa fimbo huweza kujifunza kwamba maumivu ndiyo malipo. Akifeli mtihani, akiitwa mjinga mbele ya darasa, anajichapa mwenyewe kwa namna yake.

Na wapo ambao jeraha linawasemea. "Anatafuta kuonekana tu," watu husema, kana kwamba hilo linamaliza kesi. Wengi huficha kwa juhudi kubwa. Na huyo mmoja anayetaka kuonekana, basi muone. Mtoto hafiki huko kama maneno ya kawaida yalisikilizwa. Kijana mmoja aweza kuwa na kazi mbili au tatu kati ya hizi, na zinaweza kubadilika mwezi hadi mwezi.

Kwa nini umri huu? Mara nyingi huanza kati ya miaka 12 na 14. Sehemu za ubongo zinazowasha hisia hupevuka mapema, na zile za kujizuia na kupima matokeo huendelea kukua hadi karibu miaka 25. Ni gari lenye mwendo kabla breki hazijakamilika. Ongeza matokeo ya mitihani, uonevu bwenini, kuvunjika kwa mapenzi ya kwanza, msiba uliopitishwa bila mtoto kuelezwa chochote.

Dalili, na zinazopotosha

Nguo za mikono mirefu wakati wa joto hutajwa kila mahali, lakini kwa binti anayejisitiri haikuambii kitu. Tazama mabadiliko: aliyekuwa akipenda michezo sasa ana udhuru kila siku, hataki kubadili nguo mbele ya wenzake, bangili au bandeji haziondoki, maelezo ya makovu hayalingani ("paka" kwa mara ya tano), anajifungia bafuni muda mrefu baada ya ugomvi. Wavulana hupita bila kutambuliwa kwa sababu anayepiga ukuta kwa ngumi hadi vifundo vichubuke huitwa mkorofi tu. Naye anajidhuru.

Mazungumzo ya kwanza

Usiyaanze saa uliyogundua kama mikono yako bado inatetemeka. Kama hakuna hatari ya haraka, subiri hadi utulie, lakini yasilale siku mbili. Chagua mahali ambapo hamtazamani uso kwa uso: mnachambua mchele, mnatembea kwenda dukani, mko kwenye gari. Ndugu, shangazi na mchungaji wasiwepo. Anza na ulichokiona, kifupi:

"Mwanangu, nimeona alama mkononi. Sina hasira. Nadhani kuna kitu kinakuelemea, nataka nikielewe."

Kisha nyamaza. Hesabu hadi 30 kimoyomoyo kama huwezi kuvumilia ukimya. Akisema "Hamna kitu, mama," jibu: "Sawa. Nitakuuliza tena kesho, hata usiku ukitaka niamshe." Na kesho uulize kweli.

Akifunguka, maswali yenye faida ni haya: Kabla hujafanya, unajisikiaje? Baada yake kunabadilika nini? Inadumu kwa muda gani? Siku ambazo hamu ilikuja na hukufanya, ni nini kilisaidia? Majibu yatakuonyesha ni kazi ipi kati ya zile za juu. Swali la "kwa nini unafanya hivi?" liache, linasikika kama mashtaka, na wengi hawajui jibu.

Lazima pia uulize kuhusu kufa, kwa neno lenyewe: "Je, kuna wakati unatamani kufa, au unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo; kwa wengi ni nafuu kwamba hatimaye mtu amelitaja. Wengi wanaojidhuru hawataki kufa wakati ule, lakini hatari ya kujiua kwao ni kubwa kuliko kwa wenzao, na inaweza kuongezeka. Akijibu ndiyo na ana mpango, usimwache peke yake hata dakika moja. Mpelekeni hospitali yenye huduma za dharura siku hiyohiyo.

Usimwahidi siri ya kila kitu. Mwambie: "Sitamtangazia mtu, lakini kama maisha yako yako hatarini nitatafuta msaada, na nitakuambia kwanza."

Yanayoharibu: kumkagua ngozi kila jioni, kumwapisha, kumlinganisha na dada yake, kumnyang'anya simu inayomuunganisha na rafiki wa pekee, na kuita watu wamkemee mapepo kwa sauti kubwa. Salini naye kama ndiyo desturi ya nyumba yenu. Sala na matibabu havigombani.

Jeraha lenyewe

Tibu kwa utulivu, bila hotuba. Bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Ukichungulia kila dakika damu haigandi. Osha kwa maji safi yanayotiririka, funika. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta ya taa. Nenda kituo cha afya kama damu haikomi, kingo za jeraha zimeachana, vidole vina ganzi, au hamna uhakika wa chanjo ya pepopunda. Akimeza kitu chochote, nendeni saa hiyohiyo hata kama anaonekana mzima, na mbebe paketi yake: zipo dawa za kawaida ambazo madhara yake huchelewa kujionyesha huku ini likiharibika. Usimtapishe.

Nyumbani, fungia dawa zote za binadamu na za mifugo, sumu ya panya na viuatilifu vya shamba. Punguza kiasi kinachowekwa ndani. Hatua hii huonekana ndogo lakini ina uzito mkubwa, kwa sababu hamu kali hupanda na kushuka, na kila kinachomchelewesha kinampa nafasi ya kuvuka.

Karatasi moja

Andikeni pamoja, kwa maneno yake, karatasi ya kukunjwa mfukoni: dalili zangu kwamba inakuja, vitu vitatu ninavyoweza kufanya peke yangu, watu wawili wa kukaa nao bila kueleza lolote, mtu mzima mmoja wa kumwambia, namba ya simu. Vya kufanya vilingane na kazi ya jeraha. Mwenye presha hufaidika na kitambaa cha maji baridi usoni, kukimbia, kutoa pumzi ndefu kuliko anayoingiza. Aliyekufa ganzi anahitaji kuamshwa: muziki wa sauti, harufu kali ya limao, kuongea na mtu. Anayejiadhibu hahitaji mazoezi ya kupumua. Anahitaji kusikia kutoka kwako kwamba kosa lake limekwisha, na aone kwamba hulitaji tena.

Namba 116 ni ya bure kwa masuala ya watoto Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa matibabu, omba rufaa ya idara ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa au kaunti. Majina ya Mirembe, Mathari na Butabika, hospitali za magonjwa ya akili za Tanzania, Kenya na Uganda, yasikutishe. Tiba ya maongezi inayofundisha kustahimili hisia ndiyo msingi. Vidonge hutibu sonona kama ipo. Hakuna kidonge cha kujidhuru chenyewe. Familia nyingi za Kenya zimekuwa zikikwepa hospitali kwa kuogopa polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba.

Shuleni, akigundulika mmoja bwenini huenda wapo wengine, maana tabia hii huambukizana kwa kuonana. Matroni aongee na kila mmoja faraghani. Kuitisha mstari na kueleza nani kafanya nini na kwa namna gani ni kuifundisha shule nzima.

Atarudia, pengine zaidi ya mara moja. Pima kwa vitu vingine: je, siku kati ya tukio na tukio zimeongezeka? Amekuambia mwenyewe kabla hujaona? Makovu yatabaki kwa muda, na kuyafunika au kutoyafunika ni uamuzi wake. Kabla ya harusi au sikukuu ya kwanza mbele ya ukoo, mpangieni jibu fupi la shangazi atakayeshika mkono na kuuliza: "Shangazi, niliumia zamani, nimepona." Na wewe uwe karibu, ubadilishe mazungumzo.