Kumlisha geko chui mgeni anayejificha: wadudu hai, hatua kwa hatua

Geko chui ni mjusi wa nyanda kavu za mawe za Afghanistan, Pakistan, Iran na kaskazini-magharibi mwa India. Mchana hujibana chini ya mawe, jioni hutoka kuwinda. Ukimleta nyumbani tabia haibadiliki, ila sasa ameongezewa hofu ya mahali pageni. Akipitisha siku tatu nne bila kugusa mdudu, wengi huanza kumbadilishia chakula: leo nyenje, kesho funza, keshokutwa mende. Chakula ndicho kitu cha mwisho kubadilisha. Kagua kwanza joto na maficho.

Mkia wake ni ghala la mafuta. Geko mzima ambaye mkia wake una unene wa shingo yake au zaidi anaweza kukaa hata wiki mbili bila kula na asidhurike, mradi ana maji. Kinda wa wiki chache hana akiba hiyo. Akipita siku tano hajala, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayetibu mijusi na nyoka.

Hatua ya 1: Joto na maficho

Mjusi huyu hasagi chakula kwa joto la mwili wake mwenyewe. Hulitoa chini alipolala. Sakafu ya maficho ya upande wa joto iwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili 22 hadi 25. Tumia kipimajoto cha waya, na ncha yake uilaze pale pale tumbo linapolala. Vile vya kubandika kwenye kioo husoma joto la kioo na hewa, havikuambii habari za sakafu. Mkeka wa joto uunganishe na thamostati, kwa sababu usipodhibitiwa unaweza kupanda hadi kumuunguza tumbo. Geko aliyepoa hasikii njaa. Akila hivyo hivyo, mdudu hukaa tumboni bila kusagwa, na huweza kutapikwa karibu mzima.

Maficho yawe matatu: la upande wa joto, la upande wa baridi, na la katikati lenye kuvumwani au karatasi ya jikoni yenye unyevu, la kumsaidia kuambua ngozi. Chagua lenye mlango mmoja mdogo na dari ya chini inayokaribia kugusa mgongo wake. Pango kubwa linapendeza machoni petu, lakini halimpi usalama. Ziba kioo cha boksi lake kwa karatasi pande tatu. Siku mbili za kwanza ni maji tu: usimshike, usipange upya, usigonge kioo. Anza kumlisha jioni ya siku ya tatu.

Hatua ya 2: Mdudu gani, wa ukubwa gani

Chakula cha kila mara ni nyenje au mende wa dubia. Funza wa unga, yaani mabuu ya manjano ya kidudu cha ghalani, wanafaa sana kwa mgeni mwoga: hawaruki, hawapigi kelele, wala hawawezi kupanda ukuta laini wa kibakuli. Funza wa nta, yaani mabuu ya nondo wa mizinga ya nyuki, ni mafuta matupu. Wape kazi moja tu, kumwamsha aliyegoma, mmoja au wawili, basi. Akiwazoea atawakataa wengine wote.

Unene wa mdudu usizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya geko. Mkubwa kuliko hapo humtisha, na akimezwa huweza kukwama.

Usimpe mdudu mwenye njaa. Saa 24 hadi 48 kabla ya mlo, walishe wadudu karoti, boga, viazi vitamu na majani ya sukuma wiki. Spinachi iache, ina oksaleti inayofunga kalsiamu.

Wadudu wa bustanini usiwaokote hata kama ni bure. Wanaweza kuwa na dawa ya kunyunyizia mimea au minyoo. Kwa walio Marekani, vimulimuli ni hatari ya wazi: wapo wenye sumu kali ya moyo, na mmoja tu anaweza kumwua mjusi wa kufugwa.

Hatua ya 3: Unga wa kalsiamu

Nyenje ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mjusi asiyeongezewa kalsiamu huvuta ile ya mifupa yake. Taya hulainika, miguu hupinda, mwishowe geko hawezi kutafuna hata mdudu. Weka wadudu wa mlo huo kwenye kikombe, tia unga kidogo, zungusha. Watoke kama dagaa waliopitishwa kwenye unga kabla ya kukaangwa, wasiwe kama maandazi yaliyogaragazwa kwenye sukari, maana unga mwingi hubadilisha ladha na mgeni hukataa. Kama hutumii taa ya UVB (taa ya miale kama ya jua), kalsiamu iwe na vitamini D3, kwa kipimo cha kwenye kopo. Usizidishe, kwa kuwa D3 hujikusanya mwilini.

Hatua ya 4: Jioni ya mlo

Zima taa ya boksi jua likishazama na usubiri nusu saa. Mwanga wa chumba cha pili unatosha.

Anza na kibakuli. Kiwe cha kuta laini, kina cha sentimita 4 au 5 kwa geko mzima, na ukiweke hatua moja kutoka mlango wa maficho yenye joto. Kosa la wengi ni kukiweka upande wa mbali, na mgeni hatavuka uwanja mtupu kwa ajili ya chakula. Weka funza wa unga watatu tu, ondoka, usirudi kuchungulia. Asubuhi hesabu. Ukikuta wawili, amekula mmoja, na huo ni mwanzo mzuri.

Akishakula bakulini mara mbili tatu, jaribu kibano. Tumia cha mianzi au chenye ncha za silikoni. Cha chuma kitupu huweza kumvunja meno akikirukia kwa nguvu. Mshike mdudu katikati ya mwili, miguu icheze. Mlete chini chini, kutoka ubavuni, usimlete kutoka juu: kinachotoka juu, kwa mjusi, ni mwewe. Msimamishe sentimita 5 mbele ya pua, mtikise kidogo, kisha tulia.

Sasa tazama mkia. Akivutiwa, ncha yake huanza kutikisika polepole, kama mkia wa paka anayenyemelea. Kichwa hushuka, shingo hunyooka, kisha anaganda sekunde kadhaa. Hapo ndipo mkono wa mlishaji huharibu kila kitu kwa kumsukumia mdudu mdomoni. Mwache, atarukia mwenyewe. Akigeuza uso au akirudi nyuma, ondoa kibano na ujaribu tena kesho yake.

Nyenje wa kuachiliwa huru wafuate mwisho, akishazoea. Waweke kwenye friji dakika 3 hadi 5 wapoe na kupunguza kasi, kisha mwachilie mmoja mmoja. Baada ya dakika 20 watoe wote waliobaki. Nyenje mwenye njaa humng'ata mjusi aliyelala, vidoleni na kwenye kope, na geko aliyeumwa hivyo huwaogopa nyenje kwa muda mrefu.

Kwa kawaida kinda hula wadudu wadogo 5 hadi 7 kila siku, na mzima 6 hadi 8 kila baada ya siku mbili au tatu. Usianze na hesabu hiyo. Mlo wa kwanza ni watatu.

Akigoma bado

Pima joto upya kabla ya yote. Kisha tazama ngozi: ikiwa imepauka kama imepakwa chokaa, anakaribia kuambua, na atakula baada ya siku moja mbili. Kama sivyo, mkate funza kichwa na umguse geko mdomoni kwa utomvu wake. Atalamba, na mara nyingi ladha hiyo humfungua. Usimfungue mdomo kwa nguvu. Unaweza kuvunja taya, na hofu yake itaanza upya.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, ndani ya kikopo, kwa gramu. Wa gramu 50 akishuka hadi 45 ni safari ya daktari, na uchukue kinyesi kibichi ndani ya mfuko safi. Mkia unaokonda huku anakula, kuhara, au kutapika mara mbili ingawa joto ni sawa, huweza kuashiria vimelea vya tumboni, na hivyo havitibiki kwa kubadilisha wadudu.

Nawa mikono kwa sabuni kila umalizapo, kwa sababu mijusi hubeba salmonela hata wakiwa na afya njema. Na akishakula, usimshike papo hapo, mwache asage kwanza.