Kuandika hadithi ya kijana wa kitajiri anayeumizwa na mapenzi

Hadithi ya aina hii mara nyingi hufeli mahali pamoja: msomaji hamwonei huruma mhusika. Ana gari, ana baba mwenye jina. Kuachwa na msichana kuna uzito gani? Usimtafutie huruma kwa kumfanya mwema. Mpe upofu mmoja, kisha upofu huohuo ndio umkoseshe mpenzi.

Utajiri usiuorodheshe. Uonyeshe kwa asiyoyaona. Kijana anashuka garini, anamwambia dereva "nisubiri" bila kugeuza shingo, msichana anayemfuata anageuka na kusema, "Asante, kaka." Msomaji keshajua penzi hili litakwama wapi, kijana hana habari.

Ukitumia nafsi ya kwanza, amua mapema msimulizi ana umri gani. Wa miaka 19 bado ana donge kooni, hawezi kujichambua. Wa 40 anaweza kujicheka, ila mzuie asitoe mawaidha. Wengi huchanganya, tukapata kijana wa 19 anayeongea kama mzee wa baraza.

Kwa hadithi ya maneno 4,000, tumia kama 600 kuwakutanisha, 2,000 kwa uchumba, 800 kwa kilele, na 600 kwa yanayofuata. Ndani ya uchumba panda dalili tatu za mpasuko. Zikizidi, msomaji atamwona kijana mjinga tu.

Msichana asiwe mla pesa wala malaika. Awe na jambo analolitaka lisilomhusu kijana hata kidogo. Andika ukurasa mmoja wa siku yake bila kijana, halafu usiutumie. Ukishindwa kuujaza, bado humjui.

Kwenye kilele epuka fumanizi. Linamfanya kijana asiwe na kosa, na asiye na kosa hana cha kujifunza. Bora atende kile anachokijua vizuri kuliko vyote: alipe ada ya msichana kimyakimya bila kumuuliza. Yeye anaona amependa. Msichana anaona amenunuliwa. Jibu la msichana liwe sentensi moja au mbili, bila hotuba. Wasirudiane, na kijana asitangaze kwamba amekua. Abadilike katika tendo dogo, tena alifanye vibaya kidogo, maana ndiyo mara yake ya kwanza.

Rasimu ikipoa siku chache, ipitie kwa kalamu. Kila penye "moyo wangu" au "machozi", futa, uandike mikono yake ilikuwa ikifanya nini.