Kutafsiri kati ya wafadhili na kijiji: ninavyofanya mimi

Nimekuwa mkalimani wa miradi vijijini wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, kwa miaka tisa, na neno lililonisumbua kuliko yote ni la Kiswahili: "tumesikia".

Tulikuwa chini ya mbuyu, habari ya kisima. Mgeni aliyetumwa na mfadhili aliuliza kama kila kaya itachangia kila mwezi fedha ya vipuri vya pampu. Mzee mmoja akasimama: "Tumesikia, tunawashukuru wageni wetu." Makofi. Nikatafsiri kwamba wamekubali. Miezi minane baadaye pampu ikasimama na mfuko hauna kitu. Mgeni akasema wanakijiji wamevunja ahadi. Wanakijiji wakasema hawakuahidi. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo mtu akisema "tumesikia", tafsiri "tumesikia", basi. Kisha mwombe mwenyekiti ruhusa uulize: nani atakusanya, lini, na fedha itakaa kwa nani? Penye makubaliano, majina hutajwa hapo hapo. Wakinyamaza, au wakisema "tutakaa tuzungumze", mweleze mgeni wazi kuwa jibu bado, na msikimbilie gari. Kina mama waliokaa nyuma kimya watasema yao jioni wakichota maji, tena kwa Kigogo, lugha ya huku. Uwepo.

Kabla ya mkutano, mbane mgeni akuambie kipi kimeshaamuliwa. Hapa ndipo watu huumizwa. Anasema wananchi waamue wenyewe, kumbe andiko la mradi limeshapita na bajeti ni ya vyoo. Ukiwauliza wanataka nini watasema maji, na wana haki: mvua zetu ni za msimu mmoja, kama milimita 600 kwa mwaka. Kumuuliza mtu shida yake huku jibu liko mfukoni ni kumdharau. Sema tangu mwanzo: "Fedha hii ni ya vyoo. Ninyi mtaamua mahali, fundi, na nani aanze."

Mgeni asiyetaka kusikia habari za mvua na udongo msimulie habari ya Kongwa, wilaya jirani. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga pale kwa matrekta. Udongo ule ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, mvua nazo si za kuaminika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa.

Semina isiwekwe Desemba eti hesabu za mfadhili zinafungwa. Watu wako shambani wanapanda uwele na mtama. Julai au Agosti wana nafasi. Posho, kama ipo au haipo, itajwe siku ya mwaliko.

Mwisho soma maamuzi kwa sauti, kwa Kiswahili, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji.

Kijiji kile cha kisima nilirudi, nikauliza upya. Fedha ya kila mwezi hawakuwa nayo tangu awali. Walichoweza ni nusu debe la mtama kwa kila kaya baada ya mavuno, liuzwe kwa pamoja. Tuliandika hivyo, mwenyekiti akasaini, na mgeni naye akasaini karatasi ile ile.