Ukikabidhiwa mgonjwa wa oksijeni

Ukiingia zamu, usikimbilie mashine. Simama miguuni pa kitanda umtazame mgonjwa. Pua zinatanuka? Nyama za katikati ya mbavu zinabonyea kila akivuta hewa? Kisha muulize jambo linalotaka jibu refu kidogo. Akishindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, mwite daktari hapo hapo.

Pumzi zihesabu dakika nzima. Kuna mtindo wa kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4; ukikosea pumzi moja, umekosea nne. Tena asijue. Mimi hushika kifundo cha mkono kama napima mapigo, macho yakiwa kifuani. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Akifika 30, hiyo asilimia 95 kwenye oksimita, kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, isikupe usingizi: huenda anaipata kwa jasho, na misuli huchoka.

Oksimita yenyewe hudanganywa na rangi ya kucha, vidole baridi na mkono unaotetemeka. Linganisha mapigo inayoonyesha na yale unayoyahesabu mwenyewe. Yakipishana, badilisha kidole.

Sasa mtungi. Ufunge kwa mnyororo kwanza. Mikono isiwe na mafuta wala losheni, kwa sababu oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na grisi inaweza kuwaka. Kabla ya kufunga regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi, fungua valvu kidogo ipulize vumbi, mdomo wake ukielekea pasipo mtu. Halafu piga hesabu, maana hapa ndipo zamu za usiku huharibika: ujazo wa mtungi kwa lita, mara geji inavyosoma kwa baa, yaani kipimo cha mgandamizo. Mtungi wa lita 10 wenye baa 100 una lita 1,000 za gesi. Kwa lita 5 kwa dakika, ni dakika 200. Mimi huondoa robo nikabaki na 150, na saa ya kubadilisha naiandika kwenye plasta ninayoibandika mtungini. Kumbukumbu ya saa tisa usiku siiamini, hata yangu.

Mirija ya puani hutosha kwa lita 1 hadi 6. Ncha zake zipinde kuelekea chini, zikifuata njia ya pua. Barakoa ya kawaida usiiweke chini ya lita 5, la sivyo mgonjwa anarudia kuvuta hewa chafu aliyoitoa. Yenye mfuko ijaze mfuko kabla ya kumvisha, lita 10 hadi 15, na mfuko usinywee kabisa akivuta pumzi. Kwenye flomita, kipimo cha lita zinazotoka kwa dakika, soma katikati ya kigololi.

Ongeza au punguza kwa kufuata lengo la daktari. Wagonjwa wengi wazima hulengwa asilimia 94 hadi 98 kwenye oksimita, lakini mwenye ugonjwa sugu wa mapafu aliye hatarini kulimbikiza kabonidioksidi mara nyingi huwekewa 88 hadi 92. Kumpandisha huyo hadi 99 si huruma.

Ukikabidhi zamu, andika kifaa, lita, kiwango cha oksijeni, pumzi na saa. Kagua nyuma ya masikio. Mirija huchuna ngozi, weka shashi. Na ndugu zake waambie kwa upole: kitasa cha flomita hakiguswi, na hakuna kuwasha kiberiti wala sigara humo chumbani.