Somo: Dizeli ya zamani inasumbua? Soma moshi kabla ya kutoa nozeli

Wenye Hilux za injini ya 2L na 3L, Prado za 1KZ-TE, Pajero za 4D56 na Nissan za TD27, hili ni lenu. Mafundi wengi hapa Nairobi wakisikia dizeli inasumbua, wanasema nozeli (zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda), kisha pampu ya dizeli. Huenda wana haki, lakini filta ni bei rahisi na pampu si bei rahisi, kwa hiyo pitia haya kabla ya kwenda Barabara ya Kirinyaga kutafuta spea.

1. Iwashe ikiwa baridi. Ukimpelekea fundi gari lililokwisha pata moto, nusu ya dalili umeziacha nyumbani. Stata ikizunguka kwa uvivu, shughulikia betri na waya wa hasi kwanza. Dizeli haina cheche, inawashwa na joto la hewa iliyobanwa, na stata mvivu haibani vya kutosha.

2. Soma moshi. Mweupe wa asubuhi, unaowasha macho na kuisha injini ikipata moto, mara nyingi ni plagi za hita, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Fungua ukanda wa chuma unaoziunganisha, funga taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, gusa ncha ya kila plagi. Isipowasha taa, imekufa. Zikiwa nzima zote, angalia fyuzi na relei.

Mweupe usioisha, na maji ya rejeta yanapungua: gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) imeungua, au hedi yenyewe imepasuka. 1KZ-TE iliyowahi kuchemka inajulikana kwa hilo.

Mweusi ni mafuta mengi, hewa kidogo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo injini isiyo na turbo ikitoka Mai Mahiu kupanda Kimende itafuka kidogo. Iache. Ikifuka hata kwenye tambarare ya Mombasa Road, toa filta ya hewa uipige jicho juani, ndipo uzungumzie nozeli.

Bluu: inakula oili.

3. Mafuta. Legeza skrubu chini ya filta, maji yatoke mpaka ije dizeli safi. Kisha weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu. Ukiona mapovu injini ikinguruma, hewa inaingia mahali.

4. Silinda ipi? Kwa pampu za zamani tu: legeza nati ya paipu ya nozeli moja moja injini ikinguruma polepole bila kukanyaga mafuta. Mlio usipobadilika, hiyo ndiyo silinda mgonjwa. Vaa miwani, weka mkono mbali; dizeli ya presha hutoboa ngozi. D4D, dizeli mpya za Toyota zenye presha kubwa mno, usiiguse hivyo kabisa.

Maswali ya wanachama

*Mwenye Hilux, Rongai:* Fundi, nikiegesha pua ikitazama chini inawaka mara moja. Ikitazama juu inakataa.

Mafuta yanarudi tangini usiku, ndugu. Kesho piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha washa. Ikiwaka papo hapo, kagua pampu hiyo yenyewe na klipu zote za mipira; mara nyingi ndiyo inayovuja.

*Mama wa Pajero, Kahawa:* Jirani ananiambia nitie mafuta taa kidogo yasafishe nozeli. Ni sawa?

Hapana, mama. Pampu yako inalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta taa ni mepesi mno. Watu walichanganya sana kwa sababu ya bei, hadi serikali ikayatoza ushuru maalum mwaka 2018. Badilisha filta ya dizeli tu.

*Kijana wa Nissan, Umoja:* Natoa ufunguo, injini inaendelea kunguruma!

Solenoidi, yaani vali ya umeme ya kukata mafuta kwenye pampu, imekwama. Kwa leo tia gia ya nne, kanyaga breki kabisa, achia klachi: itazima. Kisha ifungue uone kama kipini chake kinarudi au kimejaa uchafu.