Redio ya ndege ikikoroma, anza na antena

Ndege ndogo inayolala nje pale uwanja wa Moi, Mombasa, huliwa na chumvi ya baharini mapema. Redio ikianza kukoroma, au watu wa mnara wa kuongozea ndege wakilalamika kwamba sauti yako haifiki vizuri, usikimbilie kununua mpya.

Fungua antena ya VHF (ile ya redio ya kuongea na mnara) uangalie chini ya kitako chake. Ukiona unga mweupe juu ya alumini, hiyo ni kutu yake, nayo inakata njia ya umeme kati ya antena na bodi ya ndege. Isugue kwa pedi ya nailoni. Sufu ya chuma achana nayo kabisa, chembe zake hubaki pale na kuzidisha kutu. Safisha kwa spiriti, paka Alodine, dawa ya kukinga alumini na kutu (vaa glavu, ina sumu), suuza, iache ikauke. Kisha funga upime ukinzani wa umeme: kutoka kitako hadi bodi usizidi 0.003 omu. Multimita ya kawaida haisomi udogo huo, azima mita ya miliomu. Kuziba ukingo, epuka silikoni yenye harufu ya siki. Asidi yake hula alumini.

Kebo ya antena nayo, kama ni ya aina ya RG-58 iliyokwisha kukakamaa, weka ya RG-400 na viunganishi vipya vya BNC (vile vya kusukuma na kuzungusha). Mita ya SWR, inayoonyesha mawimbi yanavyorudi nyuma kutoka kwenye antena, ikipita 3:1, bado hujamaliza.

Kazi yote isainiwe na fundi mwenye leseni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya.